Makoti ya mvua ya soko la Mwanjelwa, Mbeya: lipi linakufikisha Tukuyu mkavu na lipi ni lebo tu

Kwa wenye haraka jibu ndo hili. Kama unapiga pikipiki kati ya Mbeya na Tukuyu kipindi cha mvua, nunua lile koti la plastiki nzito la vipande viwili, koti na suruali yake, sura halina na litakutoa jasho lakini mvua haiingii. Kama wewe ni wa kutembea kwa miguu, shambani, gulioni, kwenda kazini, tafuta mtumba wenye utando ndani na tepu kwenye mishono, ila likague kwanza kabla hela haijatoka mfukoni. Yale majaketi mepesi ya rangi rangi ambayo kila kijana wa mjini anayo, hayo vaa kwa baridi na manyunyu basi, usipande nayo mlima wa Isongole ukategemea yatakuvusha. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo, waliobaki tuendelee, maana kuna mambo kwenye haya makoti wauzaji hawasemi na wengine hawayajui kabisa.

Mimi nanunua parachichi kwa wakulima wa Rungwe, kwahiyo mvua ya barabara ya Uyole kwenda Tukuyu naijua kona kwa kona. Mtu wa Dar ukimwambia mvua anawaza ile ya kupiga asubuhi, mchana jua, jioni watu wanaendelea na foleni zao. Huku msimu ni mmoja tu ila ni mrefu, inaanza Novemba inakwenda mpaka Aprili, Mei, na ukishateremkia upande wa Rungwe hata hiyo Mei haina maana, mvua inajiamulia. Tukuyu inapokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, Dar ni kama 1,100 hivi, na Mbeya mjini hapafikii hata nusu ya Tukuyu wakati ni kilomita kama 70 tu kati yao. Kisa ni Ziwa Nyasa na milima, hewa inatoka ziwani imebeba unyevu inakuja inagonga Livingstone na Rungwe na Uporoto, inalazimika kupanda, ikipanda inapoa, ikipoa inamwaga mzigo wote hapo hapo kwenye migomba na chai za watu. Kwahiyo unaweza kutoka Uyole jua linachoma, Igawilo unaona wingu, Isyonje ukungu hata tairi la mbele unalikisia, Kiwira mvua inakupiga usoni mpaka unafumba jicho moja, na kule juu baridi yake sio ya mchezo. Ukilowa ukiwa juu kule afu upepo wa pikipiki ukakupitia, vidole vinakataa kushika breki. Hapo ndo koti linaacha kuwa mambo ya kupendeza.

Sasa tuje kwenye lebo maana hapa ndo hela za watu zinapopotelea. Makoti mengi ya mtumba yanatoka Ulaya na Marekani, na ukigeuza ndani, shingoni au ubavuni, kuna lebo ya Kiingereza. Kuna yaliyoandikwa water resistant na kuna yaliyoandikwa waterproof. Muuzaji atakwambia yote ya mvua hayo kaka, na ukiangalia yote yameandikwa maji, unatoa hela. Lakini ni makoti mawili tofauti kabisa. La kwanza kitambaa chake kinabishana na maji kwa muda, matone yanateleza, manyunyu ya kutoka stendi mpaka nyumbani unapona, mvua ikiongeza nguvu au ikikaa sana maji yanapita. La pili maji hayapiti hata yakisukumwa, na hilo la kusukumwa ndo lenye kazi. Mvua ikimdondokea mtu aliyesimama chini ya mwembe haina nguvu ya maana, ila wewe uko kwenye pikipiki spidi sitini, upepo unaikandamiza kifuani, mikanda ya begi inaisukuma mabegani, na umekalia siti iliyolowa kwa uzito wako wote. Hapo la kwanza linasalimu amri kabla hujafika Ntokela.

Viwandani wanapima hivi, wanabana kipande cha kitambaa, wanakiwekea maji ambayo presha yake inapandishwa kidogo kidogo sawa na bomba lililosimama linaloongezwa maji, wanasubiri mpaka matone yatokee upande wa pili. Urefu wa hayo maji kwa milimita ndo namba inayoandikwa kwenye lebo. Watu wengi wa hiyo biashara wanaanza kuliita koti la mvua la kweli kuanzia 1,500, makoti ya wapanda milima mengi ni 10,000, ya bei mbaya yanafika 20,000 na kupita. Ukikuta namba mbili zimefuatana usidhani ni saizi, ya kwanza ni ya maji na ya pili ni gramu za mvuke wa jasho zinazoweza kutoka kwenye mita moja ya mraba ya kitambaa kwa saa 24. Kwahiyo koti lenye 10,000 na 5,000 linazuia mvua vizuri ila wewe mwenyewe utachemka ndani.

Na mambo haya haya yapo kwenye saa na simu, nalisema kwa haraka tu. Saa imeandikwa water resistant mita 30, dogo anaingia nayo ziwani Matema kuogelea, zile mita 30 ni presha ya kwenye kipimo, kwa maisha ya kawaida maana yake nawa mikono, mvua ikikupiga sawa, usiogelee nayo. Simu yenye alama ya IP67 ilipimwa kwenye maji ya mita moja kwa dakika 30, maji masafi yametulia, simu mpya. Simu yako iliyobadilishwa kioo mara sijui ngapi usiipeleke huko.

Haya, makoti yenyewe.

Kale kakoti ka nailoni nyembamba ka buku tatu mpaka tano, ambako machinga wanakatoa sijui wapi mvua ikidondosha tone la kwanza tu, kanazuia maji vizuri, nailoni haina tundu. Mpaka kachanike, na katachanika ukirusha mguu kupanda pikipiki. Nabeba kamoja kwa ajili ya kufunika begi. Sina zaidi.

Jaketi jepesi la upepo, mtumba, hizi za elfu kumi na tano mpaka ishirini kutegemea na jina lililoko kifuani. Nalipenda, niseme ukweli, ni jaketi langu la kila siku mjini, linakata upepo wa Mbeya wa Juni na Julai vizuri mno na halina uzito. Kwa mvua ya Mafiati kwenda Kabwe halina shida. Kwa mvua ya Kiwira linaanza kuloweka mabegani, afu kwenye viwiko, afu zipu, zipu yake haina kifuniko kwahiyo maji yanashuka moja kwa moja kifuani mpaka kitovuni, ukifika una mstari wa maji katikati ya shati wakati mbavu bado kavu. Watu wanalilaumu bure, lebo ilishasema water resistant, lilifanya kilichoandikwa.

Sasa hili la utando ndo lenye maneno mengi, vumilieni.

Ndani ya haya makoti mazuri kuna tabaka jembamba limegandishwa nyuma ya kitambaa, hilo ndo linazuia maji, kitambaa cha nje ni cha kulilinda tu. Jina linalojulikana kuliko yote ni Gore-Tex. Historia yake fupi tamu, mwaka 1969 huko Marekani Robert Gore alikuwa anavuta fimbo za PTFE, ile plastiki ya kwenye vikaango visivyogandisha, akivuta taratibu zinakatika, akipunguza mwendo bado zinakatika, akaikamata moja ya moto akaivuta ghafla kwa nguvu zote na ikarefuka bila kukatika, ndani ikawa na vitundu vidogo mno visivyoonekana. Tone la maji ni kubwa kwa mbali sana kwa vitundu hivyo, halipiti. Mvuke wa jasho ni mdogo, unapita. Ndo maana unaweza kupanda kilima cha shamba la mtu na koti limefungwa mpaka shingoni na usifike umelowa kwa jasho lako mwenyewe, au angalau ulowe kidogo.

Ila makoti mengi yenye utando sio ya hiyo, ni ya poliyurethani, plastiki ya aina nyingine, ni nzuri tu na bei yake nafuu, tatizo inazeeka. Unyevu na joto vinaivunja taratibu hata koti likiwa limening'inia kabatini halivaliwi. Sasa piga hesabu, koti limekaa kabatini kwa mzungu miaka, limetolewa, limebanwa kwenye belo, limechemka kwenye kontena baharini, limefika Dar joto na unyevu, limepanda lori mpaka Mbeya, linafunguliwa Mwanjelwa nje bado ni jipya kabisa, rangi inang'aa, zipu inateleza, na ndani utando umeshakufa zamani. Muuzaji mwenyewe hajui. Kwahiyo unapofika bandani usiangalie nje, geuza ndani nje. Ukiona vipande vyeupe vinabanduka bandubandu, au ukipapasa kunanata, au kuna harufu ya uchachu ambayo haifanani na harufu ya kawaida ya mtumba, rudisha kwenye henga hata kama anakuuzia elfu tano.

Kisha angalia mishono. Sindano inapopita inaacha tundu, na koti moja lina matundu ya sindano hujui idadi, kwahiyo koti la mvua la kweli mishono yake yote kwa ndani imefunikwa tepu, utepe mwembamba unang'aa kidogo umegandishwa kwa moto juu ya mshono. Pitisha kidole mabegani na kwenye kofia, hapo ndo tepu inaanza kuachia. Mengine tepu iko mabegani tu na ubavuni hamna, hiyo ni ya mtu wa kutembea, sio ya pikipiki. Makoti yenye bitana ndani yanakuficha mishono, hapo itabidi ubonyeze uhisi, au utafute upenyo chini kwenye pindo uchungulie.

Shemeji yangu alinunua jipya kabisa kwenye duka moja la mjini, vioo, kiyoyozi, risiti ya mashine, koti zuri limejazwa pamba limeshonwa mistari mistari mwili mzima, lebo kubwa inaning'inia waterproof. Mistari yote ile imeshonwa kwa sindano kupita kitambaa, hamna tepu hata moja. Mvua ya kwanza pamba ilikunywa maji koti likawa zito halibebeki, alirudi dukani wakamwonyesha maandishi ukutani, bidhaa ikishatoka hairudishwi. Yani kitambaa chenyewe huenda kilikuwa sawa, ni koti ndo halikuwa sawa.

Banda nililonunulia mimi mtumba liko ule upande wa majaketi, kijana ana adabu na ana uvumilivu, na hilo kwa pale ni jambo la kutaja. Nilimwambia dogo nipe maji. Akaniuliza bosi una kiu? Nikasema hapana, nataka kulimwagia. Akacheka akaita na mwenzake aje aone, akasema mwaga tu bosi, likivuja nakuuzia bei ya sweta. Nikakunja kitambaa cha mgongoni kikawa kibakuli, nikamimina maji ya chupa, nikasugua chini kwa kidole gumba kwa muda huku tunaongea habari za Yanga. Chini pakavu. Wengine wanaweka mdomo wanapuliza, kama pumzi inapita kirahisi maji nayo yatapita, kipimo kizuri ila ni mtumba huo, wewe na mdomo wako. Alianzia hamsini, tukamalizana thelathini na tano, na kwa koti ambalo jipya lake huko lilikotoka ni mamia ya dola sina neno. Nampa nyota nne, ya tano naibakiza kwa sababu hakuna kioo cha kujiangalia na saizi zote amechanganya, ukitaka L unafukua lundo zima.

Baada ya kulivaa msimu, koti lenyewe ninavyoliona. Kutembea, kupanda shamba, kusimama kwenye mzani wa parachichi mvua inanyesha, halina mpinzani. Kwenye pikipiki kwa safari fupi pia safi. Safari ndefu ya mvua nzito ndo kuna kitu inabidi ukielewe, maana ni hapa watu wengi wanasema koti limevuja wakati halijavuja. Kitambaa cha nje kina dawa inayofanya matone yateleze, ile unaona maji yanakimbia juu ya koti. Dawa hiyo inaisha kwa kuvaa, kwa mafuta ya mwili, kwa vumbi, kwa sabuni. Ikiisha kitambaa cha nje kinakunywa maji, koti linakuwa zito na la baridi, linakushika mwilini, na mvuke wa jasho hauna pa kutokea kwa sababu njia imezibwa na maji. Unafika Tukuyu, unavua, shati ndani lina unyevu, unalaani. Kumbe mvua iko nje ya utando kama kawaida, iliyoko ndani ni wewe. Namna ya kutofautisha ni rahisi, unyevu wa jasho umetapakaa mgongoni na kwapani na ni wa uvuguvugu, maji ya kuvuja yana mahali yalipoingilia, bega, shingo, zipu, na ni ya baridi kweli kweli.

Dawa ya hilo haihitaji kununua kitu kwanza. Lifue kwa sabuni kidogo ya maji, suuza mpaka maji yawe meupe kabisa kwa sababu mabaki ya sabuni yenyewe yanavuta maji, usiweke ile dawa ya kulainisha na kunukisha nguo, hiyo inaua kila kitu. Likikauka weka kitambaa chembamba juu, piga pasi moto mdogo usiozidi ulioandikwa kwenye lebo, pasi ya umeme sio ya mkaa maana ya mkaa huwezi kuidhibiti na utando ukiyeyuka hakuna fundi. Joto linaiamsha ile dawa iliyobaki. Langu lilirudi matone yakawa yanakimbia tena, sio kama jipya lakini yanakimbia. Kama dawa ilishaisha kabisa pasi haitasaidia, kuna za kupulizia, ila Mbeya sijaziona, wanaozipata wanaagiza.

Likichanika usimpeleke fundi cherehani, atakushonea vizuri sana na kila tundu la sindano litakuwa mlango. Kiraka cha kubandika kwa gundi kwa ndani.

Nije kwenye plastiki nzito sasa, mfalme wa barabara. Hili ni jipya, sio mtumba, linauzwa kila mahali panapouzwa vifaa vya pikipiki, koti na suruali kwenye mfuko wake, kati ya elfu ishirini na tano na arobaini kutegemea unene na umahiri wako wa kuomba punguzo. Ni PVC, yani utando hauna tundu la aina yoyote, la maji wala la jasho. Mazuri yameunganishwa kwa moto badala ya sindano, ukiangalia kwenye mshono unaona plastiki imeyeyushwa pamoja, na zipu ina kifuniko cha kubana na vifungo juu yake. Hilo mvua ya Kiwira inalipiga, inalipiga, unafika unalikung'uta mara mbili unalitundika, shati kavu, karatasi za mizigo kavu, umesimama unaagiza chai.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Jasho. Kule juu Isongole kwenye baridi hulioni sana, ila pikipiki ikinasa kwenye tope la barabara ya shamba ukashuka kusukuma, ndani kunakuwa bafuni. Na ukiendelea nalo mpaka Kyela, ambako umeshuka kutoka mlimani mpaka mita kama 500 tu na joto lake mnalijua, utavua hapo hapo barabarani mvua au hakuna mvua. Hili ni tatizo la tangu zamani, Charles Macintosh wa Scotland aliyeanzisha makoti ya mpira mwaka 1823 alikuwa na kesi hiyo hiyo, maji hayaingii na jasho halitoki, tena la kwake jua likiwaka linanata na baridi ikija linakakamaa, angalau letu halinati. Kukakamaa linakakamaa. Ukilikunja mahali pale pale kila siku linapasuka kwenye mkunjo, na likianikwa juani muda mrefu linakauka linakuwa gumu. Litundike kivulini, usilisogeze jikoni kwenye moto. Pa kwanza kuachia ni kwenye msamba wa suruali, pale unaporusha mguu, kwahiyo chukua saizi kubwa kuliko yako, na utahitaji nafasi ya sweta ndani hata hivyo.

Suruali watu wanaidharau, wananunua koti peke yake wanaokoa elfu kumi. Kwenye pikipiki maji yote ya kifuani yanateremka yanajikusanya kwenye mapaja na siti, wewe umeyakalia, unayasukuma kwa uzito wako. Koti bila suruali utafika kifua kikavu na makalio yamelowa chapachapa, na huwezi kukaa kwenye kochi la mtu.

Vitu vidogo ambavyo vinaharibu koti zuri: suruali ipite nje ya gambuti, ukiichomeka ndani umetengeneza mfereji wa kujaza gambuti maji. Glavu ziingie ndani ya mikono ya koti, sio nje, mikono ikiwa imenyooka kwenye usukani maji yanateremka kuelekea vidoleni. Helmeti inamwagia shingoni kwa nyuma, weka kitaulo kidogo shingoni ndani ya kola au vaa kofia ya koti chini ya helmeti kama ni nyembamba. Na rangi, naomba vijana mnisikilize, hizi nyeusi na bluu ya giza ndo zinaisha haraka dukani wakati njano inabaki, afu barabara ile ni ya malori yanayokwenda Kasumulu kuvuka Malawi, ukungu umetanda, dereva anakuona ukiwa umeshakuwa mbele yake. Kama njano unaona aibu chukua angalau lenye mkanda unaoakisi taa mgongoni, afu begi lisiufunike.

Langu la plastiki nalipa nyota nne na nusu kwa kazi ya pikipiki, na mbili kwa kazi nyingine yoyote. La utando nne na nusu kwa miguu, tatu na nusu kwa pikipiki. Jaketi la upepo sitalipa nyota kwenye mvua, sio mashindano yake. Kama mfuko unaruhusu moja tu na hujui utakuwa wapi kesho, mimi ningechukua plastiki, kwa sababu ni jipya, unajua linaanza na afya, mtumba hata ukaguliwe vipi utando wake una siri zake na unaweza kukuachia katikati ya msimu bila taarifa.

Kitu kimoja bado natafuta, makoti ya watoto wa shule. Yote niliyokuta ni yale ya picha za katuni, mishono haina tepu, kofia inaanguka nyuma na upepo wa kwanza, na wa kwangu anatembea kutoka Isyesye asubuhi saa kumi na mbili. Mwenye kujua banda lenye ya watoto ya kuunganishwa kwa moto, Mwanjelwa au Sido au hata Uyole, aniambie na bei yake.